Mchwa wa Tabora na Ndugu Zao wa Mbali

Ukisafiri kwa barabara kutoka Tabora mjini kwenda Urambo, Kaliua na kuendelea mpaka Uvinza, vichuguu vinakusindikiza njia nzima. Vipo virefu vilivyochongoka, vipo vilima vipana vilivyoota miti juu yake, na vipo vidogo vya kijivu visivyofika hata goti. Wenyeji wana hesabu yao: mchwa wa kichuguu chekundu ni wakali, wa mbugani ni wengine, na kichuguu chenye mkwaju ni cha tangu enzi za mababu. Hesabu hiyo ina ukweli ndani yake. Ila ukiuliza hawa mchwa ni aina ngapi, na ndugu zao wako wapi, jibu halipatikani kwenye umbo la kichuguu wala rangi ya udongo. Linapatikana kwenye vinasaba, na vinasaba vimeonyesha kwamba macho yetu yamekuwa yakitudanganya pande zote mbili: tumewatenganisha mchwa walio kitu kimoja, na tumewaweka pamoja wasiohusiana.

Tuanze na ukoo wenyewe. Mchwa si siafu wala sisimizi, ingawa wote huishi kwa makundi yenye malkia. Mchwa ni mende. Mwaka 2007 Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton walichapisha uchambuzi wa vinasaba uliowaweka mchwa ndani kabisa ya ukoo wa mende, jirani na mende wa msituni alaye mbao aitwaye Cryptocercus. Kundi lao la zamani katika vitabu vya sayansi, Isoptera, likapoteza hadhi ya kujitegemea.

Nasaba hiyo ina matokeo. Dume wa siafu huzaliwa kwa yai lisilorutubishwa, na akishapanda jike hana kazi tena, anakufa. Dume wa mchwa ana baba na mama, na baada ya kuoa haendi popote: anakaa chumba kimoja na malkia kwa miaka, na wafanyakazi wote wa kichuguu, wa kike na wa kiume, ni watoto wao. Kwa hiyo kichuguu chenye mchwa zaidi ya milioni moja kwa kawaida ni familia moja, ndugu wa tumbo moja. Ukikusanya mchwa mia kutoka kichuguu kimoja hujapima mchwa mia. Umepima ndoa moja. Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalopotosha hesabu za wengi: katika utafiti wa mchwa, anayehesabiwa ni kichuguu, si mdudu.

Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani zinakaribia 3,000, na nyingi ziko kwenye ukanda wa joto. Wanaokula nyumba za watu ni wachache sana kati yao. Wengi hula majani makavu, nyasi, mbao zilizooza au udongo wenyewe, na bila wao misitu ya tropiki ingejaa magogo.

Umbo linavyopotosha

Mfano ninaoupenda unatoka Hifadhi ya Taifa ya Comoé, kaskazini mashariki mwa Kodivaa, ambako Judith Korb na Karl Eduard Linsenmair walimchunguza mchwa aitwaye Macrotermes bellicosus. Kwenye savana iliyo wazi, vichuguu vyake ni virefu, vina minara na matuta mengi, na kuta zake ni nyembamba. Ukiingia kwenye misitu ya kandokando ya mito ya hifadhi hiyo hiyo, vichuguu vya spishi hiyo hiyo ni vifupi, vya mviringo, kuta nene. Mtu mgeni angeapa kwamba ni wadudu wawili.

Sababu ni joto. Ndani ya kichuguu kuna kuvu inayolimwa na mchwa hawa (nitairudia, maana nusu ya habari iko kwake), na kuvu hiyo hustawi kwenye nyuzi joto karibu 30. Savanani jua linatosha, kazi ni kutoa hewa chafu nje, hivyo kuta nyembamba na minara vinafaa. Msituni kuna ubaridi wa kivuli, hivyo mchwa hujenga kuta nene kulinda joto, hata kama hewa itazunguka kwa shida.

Kwa hiyo mtu wa Tabora anayekiona kichuguu kilichochongoka shambani na cha mviringo chini ya miombo asikimbilie kusema hawa ni wengine na wale ni wengine. Anaweza kuwa sahihi, anaweza kuwa amepotea. Rangi ndiyo kabisa haisemi kitu: mchwa hupandisha udongo wa chini, na udongo wa chini wa Uyui si wa Kasulu.

Umri nao una utata wake. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya kupima umri wa vichuguu vikubwa vya Macrotermes falciger huko Katanga, karibu na Lubumbashi, kwenye miombo ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa kipimo cha kaboni, vingine vilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Hakuna malkia aliyeishi miaka hiyo. Familia moja hufa, kichuguu hukaa kitupu, mvua hukimomonyoa, kisha jozi nyingine ya mchwa huingia na kujenga upya juu ya kazi ya waliotangulia. Wazee wanaosema kichuguu fulani walikikuta kwa babu zao hawatii chumvi, ila mchwa walio ndani leo huenda hawana undugu wowote na wale waliokula mlango wa babu.

Upande wa pili wa udanganyifu ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna cha kuona. Mwaka 1994 watafiti wa Kenya na Ujerumani walichapisha uchunguzi wa mafuta yanayofunika ngozi ya mchwa wa jenasi ya Macrotermes nchini Kenya. Mafuta hayo ndiyo harufu ambayo mchwa humtambua wa kwao na wa nje. Waligundua kwamba mchwa waliofanana kwa umbo, wakaitwa jina moja, walitengana katika makundi yasiyoingiliana kwa kemikali. Mwaka 2006 huko Gabon ikatokea habari ya namna hiyo kwa Cubitermes, mchwa alaye udongo na kujenga vichuguu vidogo vyenye kofia: waliodhaniwa kuwa spishi moja walikuwa zaidi ya moja walipopimwa vinasaba. Mtaalamu aliyezoea kutambua mchwa kwa kichwa cha askari, yaani mchwa walinzi wa kichuguu, maana wafanyakazi karibu wote wanafanana, alijikuta akiangalia vichwa vinavyofanana vilivyobeba historia tofauti.

Usiku wa kumbikumbi

Vinasaba husafiri kwa njia moja kubwa tu, na kila mtu wa huku anaijua. Mvua za kwanza zikishanyesha, kwa kawaida Novemba, udongo ukalainika, vichuguu hutoboka matundu na kumbikumbi hutoka. Balbu ya barazani hufunikwa na mbawa. Watoto huweka beseni la maji chini ya taa, akina mama hukaanga bila mafuta kwa sababu kumbikumbi ana yake ya kutosha, na kuku siku hiyo hawadai pumba.

Wanaosalimika hutua, hukata mbawa zao wenyewe, jike hutangulia na dume humfuata nyuma akigusa mgongo wake, mpaka wapate pa kuchimba. Hapo wanajifungia. Karibu wote hufa kabla ya kufika huko. Wachache wanaofaulu huchukua miaka kadhaa kabla kichuguu chao hakijatoa kumbikumbi wa kwanza.

Katika hadithi hiyo mambo mawili yanaamua ramani ya vinasaba. La kwanza ni umbali. Kumbikumbi si mrukaji hodari; mara nyingi hutua mita mia kadhaa kutoka alipozaliwa, na upepo ukimsaidia sana anasogea zaidi. Hivyo vichuguu jirani huwa na undugu wa karibu, vya mbali undugu wa mbali, na tofauti huongezeka polepole bila kuwepo mstari popote. Ni kama Kinyamwezi chenyewe: ukitoka Sikonge kwenda Nzega kinabadilika kidogo kidogo, na ukizidi kwenda kaskazini unajikuta umeingia kwenye Kisukuma bila mtu kukuonyesha mpaka ulipokuwa. Mtafiti akichukua mchwa wa Sikonge na wa Shinyanga tu, akaruka vya katikati, ataona spishi mbili mahali ambapo pana mnyororo mmoja. Makosa ya namna hii yapo mengi katika majina ya zamani ya mchwa, kwa sababu wakusanyaji wa enzi za ukoloni walichukua wadudu kituo kwa kituo, kila kituo kikapata spishi yake.

La pili ni saa. Kila spishi ina wakati wake wa kuruka. Wengine hutoka jioni, wengine usiku wa manane, wengine karibu na alfajiri, na wengine hungoja mvua ya pili au ya tatu. Mchwa wa aina mbili wanaweza kuishi mita 50 kutoka kwa wenzao kwa maelfu ya miaka na wasioane hata mara moja, kwa sababu tu hawa wanaruka wale wakiwa wamelala. Hivi ndivyo vichuguu viwili vilivyo shamba moja vinavyoweza kuwa mbali zaidi kinasaba kuliko vichuguu viwili vilivyotenganishwa na kilomita mia tatu.

Vinasaba vinasomwaje

Kazi nyingi za mchwa zimeanzia kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nguvu, ambavyo vina DNA yao ndogo. Kuna kipande cha jeni ya COI, chenye herufi kama 650, ambacho husomwa kwa wanyama wengi na kutumika kulinganisha spishi. Ni rahisi kukisoma na hakihitaji fedha nyingi.

Tatizo ni kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Inasimulia safari za malkia na kumsahau mfalme. Iwapo upepo ulimleta dume kutoka mbali akaoa hapa, mitokondria ya watoto wake itasema wote ni wa hapa hapa. Ndiyo maana kazi nzuri huongeza alama kutoka kwenye kiini cha seli, ambako baba na mama wote wawili wameandika. Pale majibu ya mitokondria na ya kiini yanapopingana, usikasirike wala usitupe data; mara nyingi huo mgongano ndio habari yenyewe, kwamba zamani palikuwa na mchanganyiko kati ya makundi ambayo leo yametengana.

Vipimo vya kiini ndivyo pia vilivyovunja ile kanuni ya kichuguu kimoja, malkia mmoja. Huko Kajiado, Kenya, ilijulikana tangu zamani kwamba baadhi ya vichuguu vya Macrotermes michaelseni vina malkia zaidi ya mmoja. Wengi walidhani ni dada au mabinti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulipima vinasaba vya malkia hao na kukuta hawana undugu. Yaani majike yasiyojuana yalichimba pamoja tangu mwanzo, yakalea pamoja, na yakaendelea kuzaa pamoja chini ya paa moja.

Hapa mkulima ana la kujua. Huku kwetu dawa ya kienyeji ya kichuguu kilicho karibu na nyumba ni kuchimba mpaka chumba cha malkia na kumtoa. Vijana hulipwa kwa kumwonyesha mwenye shamba malkia mkononi, mweupe, mnene, urefu wake unaweza kufika sentimita 10. Fedha inatolewa, kazi imekwisha. Kama kichuguu kina malkia wawili au watatu, kazi haijaisha hata kidogo. Na wale wanaoangusha mahindi kwa kula shina kwa chini mara nyingi ni Microtermes, mchwa wadogo wanaoishi ardhini bila kichuguu chochote, hivyo kukishambulia kichuguu kikubwa kilicho karibu ni kumwadhibu jirani kwa kosa asilolitenda.

Kuvu na njia zake

Vunja kipande cha kichuguu cha Macrotermes na utaona wafanyakazi wakija na matope mdomoni kuziba, na askari wa saizi mbili, wakubwa na wadogo, wakijipanga kwenye ufa. Ukichimba zaidi utakuta masega ya rangi ya kahawia, mepesi, yenye mikunjo, na juu yake vidonge vyeupe vidogo kuliko punje ya ulezi. Hiyo ndiyo kuvu, jenasi ya Termitomyces. Mchwa hula majani na mbao, huyatoa yakiwa hayajameng'enywa vizuri, huyapanga kuwa sega, na kuvu huyalainisha. Kisha mchwa hula sega na vidonge. Mvua zikikolea, kuvu hiyo hiyo hutoa uyoga unaopenya juu ya kichuguu, ule unaouzwa kwenye sinia kando ya barabara za Tabora.

Ushirika huu ni wa kale kuliko vilima tunavyoviona. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza mabaki ya viota vya mchwa vyenye masega ya kuvu yaliyogeuka jiwe, kutoka Bonde la Ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Umri wake ni takribani miaka milioni 25. Duur Aanen na Paul Eggleton, kwa kutumia vinasaba vya mchwa na vya kuvu, walionyesha mwaka 2005 kwamba kilimo hicho kilianzia kwenye msitu wa mvua wa Afrika, si savanani. Mtu anayeishi Tabora anaweza kushangaa, maana wakulima wa kuvu ndio wanaotawala nchi kavu yetu. Maelezo yao ni kwamba mchwa walipotoka msituni walijenga ndani ya kichuguu hali ya hewa ya huko walikotoka: joto lisilobadilika na unyevu mwingi, hata nje kukiwa Septemba na majani yote yamekauka. Nami naona hapo ndipo penye ufunguo wa ramani yote. Kwa mchwa wa aina hii, hali ya hewa ya nje haimzuii sana kama inavyomzuia mdudu mwingine, kwa hiyo spishi moja inaweza kuenea nchi nzima kuliko tungetarajia.

Ila kuna sharti. Mchwa hawezi kuhamia mahali ambako kuvu haipo, isipokuwa akiibeba. Macrotermes walio wengi hawaibebi: jozi mpya huanza mikono mitupu, na wafanyakazi wa kwanza hutoka kutafuta mbegu za uyoga zilizoanguka ardhini. Hivyo kuvu ya kichuguu cha leo inaweza kuwa imetoka kwa jirani wa spishi nyingine kabisa, na ramani ya vinasaba vya kuvu haifuati ramani ya vinasaba vya mchwa. Lakini ndani ya kichuguu kimoja hukuta aina moja tu ya kuvu, uzao mmoja, kwa sababu uliotangulia kustawi hufunika mingine.

Wapo wasiofuata kanuni hiyo. Kwa Macrotermes bellicosus, mfalme ndiye anayebeba kuvu tumboni kutoka kwa wazazi. Kwa Microtermes anayeibeba ni malkia. Angalia sasa Madagaska: kati ya wakulima wote wa kuvu wa Afrika, waliofaulu kuvuka bahari na kustawi kisiwani humo ni Microtermes peke yao. Kwa mvukaji asiyebeba kuvu, safari ilihitaji bahati mbili, mchwa avuke na mbegu za kuvu yake nazo ziwe zimevuka. Kwa Microtermes ilihitajika moja.

Mabara

Wakulima wa kuvu walifika Asia kutoka Afrika mara kadhaa, na huko wapo wengi. Amerika ya Kusini hawapo kabisa, Australia hawapo kabisa. Huko kazi ya kujenga vichuguu imefanywa na koo nyingine. Kaskazini mwa Australia kuna Amitermes meridionalis, ambaye hujenga kuta bapa zilizoelekea kaskazini na kusini ili jua la mchana lisizipige ubavuni. Kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye nyika ya caatinga, Syntermes dirus amerundika vilima vinavyokadiriwa kuwa milioni 200, kwenye eneo linalolingana na kisiwa cha Uingereza, na vingine vina umri wa karibu miaka 4,000. Vilima hivyo vikubwa havina sega la kuvu wala malkia ndani yake. Ni udongo uliotupwa wakati wa kuchimba njia za chini.

Zamani ilidhaniwa mgawanyo huu unaelezwa na kupasuka kwa mabara. Vinasaba havikubali. Afrika na Amerika ya Kusini zilitengana yapata miaka milioni 100 iliyopita, na ukoo mkubwa wa mchwa wa leo, Termitidae, wenye zaidi ya nusu ya spishi zote, ulianza karibu miaka milioni 50 iliyopita. Thomas Bourguignon na wenzake, waliosoma mitokondria nzima za mchwa wengi na kuchapisha mwaka 2017, walionyesha kwamba ukoo huo huenda ulianzia Afrika na kusambaa kwa kuvuka maji mara nyingi. Kumbikumbi hawezi kuruka Atlantiki. Gogo lililobebwa na mafuriko mpaka baharini, lenye familia ya mchwa ndani, linaweza kuelea. Haitokei mara nyingi, na miaka milioni 50 ni mingi.

Leo magogo hayo yamepewa injini. Mchwa wa mbao kavu, Cryptotermes brevis, asili yake ni pwani kame za Peru na Chile, lakini amesafiri kwa meli mpaka bandari nyingi za dunia akiwa ndani ya fanicha. Mchwa wa Marekani, Reticulitermes flavipes, aliyehamia Ufaransa, ana vinasaba vinavyoonyesha kwamba walitoka Louisiana, na aina zake kule ugenini ni chache kuliko nyumbani. Ndivyo wageni walivyo kwa kawaida: wachache huanzisha ukoo, na ukoo mzima hubeba alama za wachache hao. Kitanda cha mninga kinachosafirishwa kwa treni kutoka Tabora kinaweza kubeba mchwa wa mbao kavu, maana mbao ndiyo nyumba na chakula chake. Hakiwezi kuhamisha Macrotermes, anayehitaji udongo, unyevu na kuvu yake.

Kigoma na ziwa lake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, upana wa wastani wa kilomita 50, na kina kinachofika mita 1,470. Kwa mdudu anayeruka mita mia kadhaa huo ni ukuta. Lakini miombo hulizunguka ziwa kwa kusini, kupitia Zambia, hadi Katanga. Kumbikumbi asiyeweza kuvuka kutoka Mahale hadi ng'ambo anaweza, kizazi kwa kizazi, kufika huko kwa kuzunguka. Ukuta wenye njia ya pembeni huacha alama ya pekee kwenye vinasaba: pande mbili zinazotazamana hutofautiana sana, wakati kila upande unafanana na jirani yake wa kusini.

Hata ukuta huo una historia. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita Afrika ya Mashariki ilipata ukame mkali uliorudiarudia, na tope lililochimbuliwa chini ya Ziwa Nyasa linaonyesha kwamba maji yake yaliwahi kushuka zaidi ya mita 500. Ukame wa namna hiyo hukata misitu vipande vipande, na mchwa wa msituni hubaki kwenye mabonde yenye maji, kila bonde na lake. Mchwa wa savana naye huona nchi ikimfungukia. Mvua zikirudi mambo hugeuka. Ndiyo sababu haifai kutarajia sura moja ya vinasaba kwa biomu zote, yaani kwa msitu na kwa savana: ukame ule ule uliowatenga wa msituni ungeweza kuwaunganisha wa uwandani.

Kigoma imeingia kwenye historia ya sayansi kwa sababu ya mchwa, ingawa sifa zimekwenda kwa sokwe. Mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard, huko Gombe, akichomeka jani la nyasi kwenye tundu la kichuguu na kuwalamba askari waliolishika kwa meno. Waliokuwa wakivuliwa ni Macrotermes. Kusini zaidi, katika milima ya Mahale, kundi la sokwe la Kasoje lililoitwa K lilikuwa likivua Pseudacanthotermes, kwa kuwa eneo lake halikuwa na Macrotermes, na sokwe wa kundi la B, kaskazini mwa milima hiyo hiyo, walivua Macrotermes kama wa Gombe. Ndani ya mkoa mmoja, pwani moja ya ziwa, mchwa hubadilika kutoka bonde hadi bonde kiasi cha kubadilisha mlo wa jamaa zetu. Anayedhani "mchwa wa Kigoma" ni kitu kimoja na aende akawaulize sokwe.

Kama kuna kijana wa chuo anayetafuta mahali pa kuanzia, mimi ningempeleka ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kilomita za mraba 32,500 lililoingizwa mwaka 2000 kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Mbuga zake hufurika, na vichuguu vikubwa hubaki juu ya maji vikiwa na vichaka juu yake, kila kimoja kisiwa. Familia zilizo mabondeni huzama, na nafasi zao huchukuliwa na kumbikumbi wanaotoka miinuko ya pembeni. Swali linajitokeza lenyewe: je, mchwa wa visiwa hivyo wanafanana kuliko wale wa miombo ya nchi kavu ya Kaliua? Na mto Malagarasi wenyewe, je, kingo zake mbili zina mchwa wale wale?

Vifaa si vingi. Kutoka kila kichuguu chukua askari kadhaa, wakubwa na wadogo, na wafanyakazi wachache. Mmoja atasomwa vinasaba, wengine watabaki kwa ajili ya kulinganisha vichwa. Tumia ethanoli kali, asilimia 95 au zaidi. Fomalini haifai, inaharibu DNA. Pima kimo cha kichuguu, andika mimea iliyopo juu yake, chukua majira-nukta kwa simu, na usiruke vichuguu vya katikati eti vinafanana na ulivyokwisha kuchukua. Kama kuna sega, chukua kipande chake kwenye chupa ya peke yake. Karatasi ya maelezo iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani ya chupa pamoja na mchwa, kwa sababu ethanoli ikivuja hufuta wino wote wa nje, na chupa isiyo na mahali ilipotoka haina kazi.